Zamu ya Bwana Shauri

Visiga, Kibaha
18 Februari 2024

Binamu na mtani wangu Mashaka,

Shikamoo, ingawa mtu aliyenyakua mali ya marehemu mchana kweupe, mbele ya mashehe, hana haki ya kuamkiwa. Huku tuko salama. Kuku wametaga, mpangaji wangu Aneth amepandishwa cheo shuleni kwake na sasa anatembea kifua mbele, na baba mdogo Jumbe wa Mbwawa bado anaumwa mguu lakini mdomo mzima. Nisalimie shangazi Mwamini, mama yako, mwambie ile dawa ya kikohozi aliyoniachia nimeinywa na nimeishi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikupigia simu unajibu "haloo, haloo" mpaka salio langu linakwisha. Masikio yako yaliharibiwa na maspika ya harusi za watu, basi macho yako na yafanye kazi. Barua hii anakuletea Recho, yule dada anayeleta mihogo ya kwenu Mzenga hapa Visiga. Mpe jibu akirudi.

Haya, neno lenyewe. Desturi naijua. Siku ya hitima mtani ananyakua kitu cha marehemu, watu wanacheka, na kitu kinakaa kwake mpaka kikombolewe. Lakini mtani mwenye akili hunyakua kofia, au bakora. Wewe umekwenda kumnyakua Bwana Shauri! Ukaninyooshea kidole ukasema, "Marehemu ameniachia mke na mashine, naanza na mashine." Mimi peke yangu ndiye niliyecheka, na nilicheka kwa kuwa nilikuwa nimechoka kulia.

Unajua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi kaka Abdulaziz alivyoipenda ile mashine ya sataranji, ule ubao wa betri unaoshindana na mtu. Tangu alipoinunua kwa yule daktari wa Kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, hakukosa alasiri hata moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwita Bwana Shauri, kwa kuwa anakufanya usubiri barazani weee kabla hajatoa hukumu. Siku ile gari la hospitali lilipomjia, kaka alikuwa katikati ya mchezo. Aliniambia, "Swaumu, usiguse. Nikirudi nammaliza." Hakurudi, Mashaka.

Sasa ulipoinyanyua mashine, kete zilimwagika zote. Lakini nakumbuka ulipotueleza kwamba ile mashine inahifadhi mchezo hata ikizimwa. Mashine kaa nayo. Mimi nautaka ule mchezo wake wa mwisho. Nataka kujua alikuwa amefika wapi, na alikuwa amebakiza nini. Nitoleeni humo ndani, wewe na bisibisi zako.

Ndugu yako,
Swaumu

*

Mzenga, Kisarawe
3 Machi 2024

Mke wangu wa utani,

Marahaba. Nimeamkiwa kwa matusi lakini nimepokea, mwanamume wa Kizaramo hachagui salamu. Mama anakusalimu sana. Anakula, anagombana na mbuzi wa jirani, anasema mbuzi yule anamtazama vibaya. Binti yangu Rahma yuko huko Dar, anapiga simu kila Ijumaa, na mimi namjibu "nzuri, nzuri" bila kujua ameuliza nini. Tangu tumzike mama yake nyumba hii ina watu wawili, mmoja hasikii na mwingine hanyamazi.

Bwana Shauri yuko juu ya meza yangu ya kazi, kati ya redio ya imamu na betri ya sola ya zahanati. Habari mbaya ni kwamba hawaki. Nimembonyeza, nimemsihi, nimempiga kofi dogo la adabu. Yuko kimya. Itabidi nimfungue tumbo.

Kabla sijamfungua nijibu jambo moja. Mashine hii inatunza mchezo kwa nguvu ya betri. Ukiizima, betri zikiwa ndani, inakumbuka. Ukitoa betri, hata kwa muda wa kukoroga chai, imesahau kila kitu na hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Je, kati ya siku aliyoondoka Abdu na siku ya hitima, kuna mtu yeyote aliyetoa betri? Fikiri vizuri.

Kuhusu ukombozi, nataka jogoo. Asiwe yule wenu anayekohoa.

Mimi nami namkumbuka Abdu. Tangu tukiwa wadogo alinifunga sataranji, akanifunga drafti, akanifunga bao, na kila akinifunga ananipa pole kwa dhati kabisa, ndicho kilichokuwa kikiniudhi. Sasa sina wa kunipa pole.

Mtani wako,
Mashaka

*

Visiga
22 Aprili 2024

Binamu Mashaka,

Shikamoo, na Idd njema iliyochelewa. Mvua za mwaka huu umeziona mwenyewe. Recho hakupita hapa mwezi mzima, barabara ya Mlandizi kuja kwenu ilikuwa matope matupu, na mihogo ikawa bei ya nyama. Hapa kwetu ukuta wa choo cha uani umeanguka. Aneth alikuwa ametoka humo muda mfupi tu, na mpaka leo anasimulia kila mgeni, nusu ya habari sasa ni ya uongo.

Tumefunga Ramadhani bila kaka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuachwa na pengo kwenye futari. Yeye ndiye aliyekuwa akionja uji na kusema una chumvi, na uji hautiwi chumvi. Kila alasiri bado natoa vikombe viwili kabatini. Kimoja nakirudisha. Sijui mwili huu utajifunza lini.

Jogoo huyo hapo, amefungwa miguu na Recho ameapa hatamuuza njiani. Hakohoi. Mfungue Bwana Shauri, lakini taratibu, kwa jina la Mungu, kama unavyofungua kitu cha mtu aliye hai. Kikitokea chochote niandikie. Usinifiche kwa sababu unanihurumia, mimi sipendi kuhurumiwa na mtu anayeogopa mbuzi wa mama yake.

Shangazi Mwamini mpe salamu zangu nyingi, zaidi ya zako. Usimgombeze kwa lolote, ameshakuwa mtu mzima.

Swaumu

*

Mzenga
9 Juni 2024

Mke wangu wa utani,

Marahaba sana. Jogoo alifika, tukamla, alikuwa mgumu na mwenye kiburi, nikajua kweli katoka kwako. Mama hajambo. Anauliza kwa nini umesema nisimgombeze, na mimi pia nimeuliza, kisha tumeacha.

Nimemfungua Bwana Shauri. Nimefungua misumari minane ya skrubu chini ya tumbo, miwili ilikuwa imekula kutu, nikaibembeleza kwa mafuta ya cherehani. Nilitegemea kukuta mitambo mingi, kwa jinsi alivyotutesa. Swaumu, ndani hamna kitu! Pana ubao mmoja wa kijani, mdogo kuliko kiganja changu. Juu yake kuna kidude kimoja cheusi chenye miguu mingi, hicho ndicho akili yote. Pembeni pana kispika cha kulia "pii", na chini ya kila mraba wa ubao wa kuchezea pana karatasi laini mbili za plastiki zinazogusana ukibonyeza kete. Basi. Hicho ndicho kilichomfanya Abdu akune kichwa alasiri zote zile. Nilikaa nikakitazama, nikasema, "Kumbe ni wewe?"

Nilikuta pia sisimizi wamefanya mji humo, na mabaki ya tambuu. Tambuu ya Abdu, najua, hakuna mwingine aliyetafuna juu ya mashine. Sikuyafuta yote.

Sehemu ya betri ilikuwa imejaa ile chumvi ya kijani inayotoka betri zikizeeka. Nimesugua kwa ndimu, nimechomea waya mpya mmoja, nimeweka betri mpya. Na mchezo umo. Hukunijibu lile swali langu la betri, basi nimejijibu kwamba hakuna aliyezitoa.

Abdu anacheza kete nyeusi na ni zamu yake. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Mfalme wake yuko G8, ngome yake F8 ubavuni, farasi F6 mbele anamlinda, malkia B6, na askari watano. Si hali mbaya. Alikuwa na matumaini.

Mashine siwezi kumpa Recho aje nayo juu ya mihogo, ile waya nimeifunga kwa uzi. Kwa hiyo nafikiri tufanye hivi. Wewe chora ubao huko kwako, panga kete kama nilivyochora. Niandikie hatua ya kaka yako, mimi nitambonyezea Bwana Shauri, na jibu lake nitakuandikia. Utammalizia mchezo wake. Hujui kucheza, najua, lakini nyuma ya karatasi ya pili nimekuelezea jinsi kila kete inavyotembea.

Mashaka

*

Visiga
30 Juni 2024

Binamu Mashaka,

Shikamoo. Asante kwa somo la sataranji. Eti farasi anaruka. Mimi nimewapelekea kahawa watu wawili wanaocheza sataranji kwa zaidi ya miaka ishirini, nikisimama na sinia nyuma yao, na bado unanifundisha kwamba farasi anaruka.

Ubao nimechora kwenye boksi la sabuni. Kete ni visoda, vya kaka nimevipaka masizi. Malkia nimempa kifuniko cha manukato ili aonekane. Nilipokuwa nikimpanga nikasema, loo, kumbe malkia naye yupo. Alhamdulillahi.

Nimekaa mbele ya boksi hilo tangu alasiri. Aneth alipita akauliza nangoja nini, nikamwambia nafikiri. Ni kweli nilikuwa nafikiri, ila si sataranji. Nilikuwa nafikiri kwamba kaka angekaa hivi hivi, mguu mmoja juu ya kiti, na mimi ningeona kisogo chake. Sasa nimekaa mahali pake na sioni kisogo cha mtu yeyote.

Hatua yangu ni hii: farasi atoke F6 aende D7. Usiseme ni mbaya. Sikukuuliza.

Swaumu

*

Mzenga
21 Julai 2024

Mke wangu wa utani,

Marahaba. Korosho zimeanza kutoa maua, mama amepata miwani mpya na sasa anaona vumbi nililolificha miaka mitatu. Recho amejifungua mtoto wa kiume, kwa hiyo barua hii inaletwa na mumewe. Usimlaumu akiipaka mafuta ya gari.

Nilibonyeza farasi wako D7. Bwana Shauri akaanza kufikiri. Unazijua zile taa nyekundu za ukingoni, zinavyowaka moja moja akiwa na mawazo? Zilicheza hivyo mpaka tukamaliza ugali. Mama akasema, "Huyo jini wako anakula umeme." Nikamwambia anakula betri. Mwishowe akajibu: farasi wake kutoka F3 kwenda G5. Jihadhari, njia ya malkia wake sasa imefunguka.

Nikuambie kitu. Mtu asiyesikia nyumba yake huwa tupu hata ikijaa. Redio nawatengenezea watu, natazama mshale wa kipimo ukicheza, najua inasema, basi. Lakini siku ninayoingoja barua yako naamka mapema, nafagia mbele ya karakana, natoa kiti. Mama anasema nacheka peke yangu. Sijui nacheka nini.

Cheza.

Mashaka

*

Visiga
18 Agosti 2024

Binamu Mashaka,

Shikamoo. Hongera kwa Recho, nimempelekea kanga na sabuni. Choo kimejengwa upya, na fundi ameweka mlango unaofungukia ndani, kwa hiyo ukiingia lazima uombe nafasi kwa mlango.

Nilicheza kwanza hatua moja moyoni kabla ya kukuandikia, nikaifuta. Nina jambo la kukwambia kabla ya sataranji.

Baba mdogo Jumbe alikuja wiki iliyopita kutoka Mbwawa, na mguu wake ule ule. Nikajua si bure. Kuna mzee mmoja wa Mkuza, anaitwa Mwinyijuma, mstaafu wa serikali, mkewe alifariki. Ana nyumba ya vigae na bomba la maji ndani. Ametuma watu kwa baba mdogo, kwa kuwa sasa kaka hayupo yeye ndiye walii wangu. Si mtu mbaya. Nilimwona siku ya hitima, alikunja mikeka bila kuombwa. Baba mdogo anasema mwanamke wa umri wangu, mjane, peke yake na mpangaji, si vizuri. Anataka jibu kabla Oktoba haijaisha.

Nimemwambia nitafikiri. Wewe ni ndugu yangu, na umenijua tangu nina meno ya utoto. Unaonaje?

Hatua yangu: askari wa A7 aende A5.

Swaumu

*

Mzenga
8 Septemba 2024

Binamu Swaumu,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua za vuli bado.

Bwana Shauri alisumbua kidogo. Taa ya safu ya H ilikuwa haiwaki, nikafungua tena. Nikakuta ule ubao wa kijani una ufa mwembamba karibu na kona, pengine aliwahi kuanguka. Nimeupitishia risasi ya kuchomea kwa ncha ya chuma cha moto. Kazi ya aina hii haitaki haraka. Pia kispika nimekifunga kwa karatasi, maana mama anadai sauti yake inamkera. Mimi siisikii hata hivyo. Nimebadilisha misumari miwili. Nimesafisha mistari ya plastiki chini ya safu ya C na D kwa spiriti.

Hatua aliyocheza ni malkia kutoka D1 kwenda H5.

Umpe baba mdogo pole ya mguu.

Mashaka

*

Visiga
22 Septemba 2024

Mashaka,

Shikamoo. Wazima.

Nilikuuliza swali. Umenijibu habari za spiriti.

Hatua yangu: askari wa A5 aende A4.

Swaumu

*

Mzenga
6 Oktoba 2024

Binamu Swaumu,

Marahaba. Swali lako nililiona. Mtu akipata nyumba ya vigae na mume anayekunja mikeka, ndugu wanapaswa kushukuru. Mimi sina la kuongeza, si mahali pangu.

Bwana Shauri amefikiri sana safari hii. Amecheza askari kutoka A2 kwenda A3.

Mashaka

*

Visiga
13 Oktoba 2024

Mashaka,

Leo sikuamkii. Salamu za nyumbani utazisikia kwa Recho.

Nimeweka boksi la sabuni mbele yangu na Aneth shahidi. Malkia wako yuko H5. Farasi wako G5 anailinda H7. Mfalme wangu G8, na ngome yangu mwenyewe imemziba asikimbie. Farasi aliyekuwa akimlinda nilimwondoa hatua ya kwanza kabisa, na tangu hapo nimekuwa nikisukuma vijiaskari vya pembeni kama mtoto. Malkia wako alikuwa na hatua moja tu ya kucheza, amle askari wa H7, na mchezo umekwisha. Hata Aneth ameiona, na Aneth anafundisha jiografia.

Na Bwana Shauri, aliyemtesa kaka yangu bila huruma, eti amefikiri sana, kisha akasogeza askari A3.

Nilimwacha mfalme wazi makusudi, Mashaka. Mara mbili. Nilitaka kuona.

Sasa nisikilize, kwa macho. Siku ya pili ya msiba, ile mashine ililia "pii" chumbani watu wakiwa wanasoma Kurani. Unajua wazee wetu, kwenye matanga hata redio haiguswi. Mama yako akasema, "Toeni mawe ya kidude hicho, msiba hauna ngoma." Akaingia akazitoa betri mwenyewe, zikakaa juu ya kabati mpaka asubuhi, na mimi ndiye niliyezirudisha. Uliponiuliza sikukujibu kwa kuwa nilijua utamgombeza, naye alikuwa ameshamlilia kaka mpaka sauti imekauka. Kwa hiyo nilijua tangu Machi kwamba mchezo hakuna. Nikawa nakungoja uniandikie hivyo.

Hukuniandikia. Ukaniandikia kwamba umo, ukanichorea. Mashaka, kaka hakuwa na malkia. Malkia aliliwa Ijumaa, nilimwona kwa macho yangu kwenye kisahani cha kahawa, na kaka akasema "Inna lillahi." Alikuwa anashindwa vibaya. Wewe ukamrudishia malkia wake, ukampa farasi, ukampa matumaini. Nililia siku ile mpaka Aneth akaniletea maji. Sikulia kwa kudanganywa. Nililia kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine duniani asiyetaka ashindwe.

Ndiyo maana nilicheza. Nilijua kila hatua ni yako. Nilingoja kila barua.

Lakini sasa baba mdogo anakuja mwisho wa mwezi kuchukua jibu, na wewe unaniambia si mahali pako. Umeniita mke wako wa utani mbele ya watu tangu nikiwa msichana. Mzee wa Mkuza alipotuma watu ukaacha kuniita hivyo, ghafla nikawa binamu. Mashine haiogopi kushinda, Mashaka. Anayeogopa ni wewe.

Swaumu

*

Mzenga
20 Oktoba 2024

Swaumu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Mama akaninyang'anya akaisoma kwa miwani yake mipya. Anasema alinieleza habari ya betri wiki ile ile niliporudi kutoka kwenye hitima, na ni kweli. Alikuja karakanani akalia, akasema huenda amemuua Abdu mara ya pili. Kwa hiyo nilijua kabla sijakuandikia lile swali. Nilikuuliza nikitumaini utasema hakuna aliyezitoa, ili na mimi niamini.

Na niseme lililobaki. Hakuwaka hata siku moja. Ile akili nyeusi yenye miguu mingi ilikuwa imeliwa na kutu chini, miguu minne imekatika. Nilisugua, nilichomea, niliomba dua. Taa nyekundu nilizokuandikia nilikuwa nazikumbuka tu. Nilikaa mbele ya mashine iliyokufa, nikapanga kete, nikajiuliza angejibu nini. Mara nyingi sikujiuliza angejibu nini. Nilijiuliza wewe uko upande gani wa boksi lako, na kama umejifunika kanga ile ya zambarau.

Kweli niliona H7. Niliiona tangu ulipoondoa farasi. Nikasema nikicheza hiyo, mchezo umekwisha, na mchezo ukiisha Recho atapita hapa akiwa na mihogo tu. Kisha likaja jina la Mwinyijuma. Nikajipima. Yeye ana vigae, mimi nina karakana na masikio mabovu. Nikarudi kwenye misumari, maana misumari naijua.

Nimekupenda tangu zamani, Swaumu. Kwetu sisi binamu utani unatupa ruhusa ya kulisema kila siku, na ndiyo sababu hakuna aliyelisikia. Leo nalisema bila utani. Sauti yako siisikii vizuri tangu miaka kumi iliyopita, lakini nikikutazama unapozungumza naelewa yote, na hakuna mwingine ninayemwelewa hivyo.

Nimezungumza na wazee wa upande wa baba. Jumamosi ya tarehe 26 wazee watatu watafika Mbwawa kwa baba mdogo Jumbe, kukuposa kwa adabu zote, na kilemba cha walii mkononi. Mama anasema atakuja nao, atake asitake mtu. Ukitaka wageuzwe njiani, mwambie Recho akiwa anarudi huku, nitaelewa, na sitakuchukia.

Askari wangu namrudisha A2, na badala yake malkia wangu amemla askari wa H7. Mfalme wako hana pa kwenda.

Mashaka

*

Visiga
23 Oktoba 2024

Mashaka,

Shikamoo.

Asubuhi nilikwenda Mbwawa kwa miguu yangu, nikamwambia baba mdogo jibu la kumpelekea yule mzee wa Mkuza, kwa heshima, maana hakunikosea kitu. Baba mdogo akasema, "Kwani umepata nini, mwanangu?" Nikamwambia asubiri Jumamosi.

Niliporudi nilikaa mbele ya boksi nikatafuta kama mfalme ana njia. Nilitafuta kwa haki, kama kaka angetafuta, mguu juu ya kiti. Hakuna. Basi nimemlaza chini kwa kidole changu mwenyewe. Nilifikiri nitafurahi tu, lakini nililia sana, kwa sababu mpaka leo asubuhi ilikuwa bado zamu yake, na sasa si zamu yake tena. Nimekubali kwamba amekufa.

Waambie wazee wafike kabla ya adhuhuri, nawe uje nao. Nitakuwa upande wa wanawake, lakini nitakaa mahali unapoweza kuniona nikizungumza.

Swaumu